Supu ya Unga wa Mahindi: Jinsi Nyumba ya Wakimbizi Ilivyozaa Kambi ya Vijana

Kwetu sisi neno "kambi" halina utamu. Kambi ni kadi ya mgao, ni foleni ya maji, ni turubai linalovuja masika. Lakini shule zikifungwa tunalisikia neno hilohilo likivaa nguo nyingine: kambi ya vijana. Makanisa yanakusanya vijana siku tatu, nne, au wiki nzima. Wanaimba, wanafundishwa Neno, wanaombewa, halafu wanarudi kwenye zoni zao. Wazazi wanabaki wakiulizana: je, hawa watoto wametiwa moyo kweli, au wameshangilia tu? Na wafanyakazi wa mashirika wana swali lao, wanaliuliza kwa sauti ya chini: hapo dini inasaidia, au inavua samaki kwenye maji yaliyotibuka?

Maswali yote mawili ni ya haki. Ili tuyajibu vizuri, naomba tuangalie historia ya mahali pamoja huko Ufaransa, kijiji kidogo kinachoitwa Taizé (hutamkwa "Teze"). Leo kijiji hicho kinajulikana kwa kambi zake za vijana za kiangazi, yaani miezi ile ya joto ambapo shule za Ulaya hufungwa kwa likizo ndefu. Maelfu ya vijana hupiga mahema pale kwa wiki moja moja, wakasali na kuimba. Wengi wanaojua nyimbo za Taizé hawajui jambo la kwanza kabisa: kabla ya kuwa kambi ya vijana, palikuwa nyumba ya kuficha wakimbizi.

Mwanzo wa habari

Roger Schutz alizaliwa mwaka 1915 katika kijiji cha Provence, nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, mama yake alikuwa Mfaransa. Akiwa kijana alishikwa na kifua kikuu, akakaa muda mrefu akiugua. Kitu kilichomjenga zaidi, alivyozoea kusimulia mwenyewe, ni habari ya bibi yake mzaa mama. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bibi huyo aliishi kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mapigano. Badala ya kukimbia mapema, alifungua nyumba yake kwa waliokuwa wakikimbia: wazee, watoto, wanawake wajawazito. Tena, ingawa alikuwa Mprotestanti, alianza kwenda kusali katika kanisa la Wakatoliki, kwa sababu aliona Wakristo wa Ulaya wakiuana na akataka upatanisho uanzie ndani yake mwenyewe.

Mwaka 1940 vita vya pili vilikuwa vimeikata Ufaransa vipande viwili: upande mmoja umeshikwa na jeshi la Ujerumani, upande mwingine bado. Agosti mwaka huo Roger, umri wake miaka 25, alitoka Geneva kwa baiskeli akitafuta nyumba. Alitaka mahali pa kuanzisha maisha ya sala ya pamoja, na pia pa kuwapokea watu walioumizwa na vita. Akafika Taizé, karibu na mji wa Cluny, kilomita chache tu kutoka kwenye ule mstari uliogawa nchi. Kijiji kilikuwa kama kimeachwa. Mama mmoja mzee akamkaribisha chakula, akamwomba abaki, kwa sababu watu wa pale walijiona wapweke mno. Roger akakopa fedha kidogo, akanunua nyumba.

Akamwita dada yake Geneviève aje amsaidie. Marafiki wao wa mji wa Lyon wakaanza kuwapa wakimbizi anwani ya nyumba ile. Watu wakaja, na miongoni mwao walikuwemo Wayahudi, ambao kukamatwa kwao kulikuwa ni kifo.

Unga, kisima, na sala ya porini

Sasa ndugu msomaji, sikiliza maisha ya nyumba ile, uone kama hayakufanani. Bomba halikuwepo, maji ya kunywa yalichotwa kwenye kisima cha kijiji. Chakula kilikuwa supu, na supu yenyewe ilipikwa kwa unga wa mahindi, ulionunuliwa kwa bei ya chini kwenye kinu cha jirani. Ndiyo, unga wa mahindi, uleule tunaoupima kwa kikombe siku ya mgao. Mwanzo wa kambi ya vijana inayojulikana dunia nzima ni sufuria ya uji mwepesi na watu wenye hofu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko unga. Roger alikuwa mtu wa sala. Alikwenda pale kwa ajili ya sala. Hata hivyo, kwa kuwaheshimu wageni wake, alisali peke yake, na mara nyingi alikwenda kuimba mbali na nyumba, msituni, wasimsikie. Geneviève naye aliwaeleza wageni, mmoja mmoja, kwamba anayetaka kusali ni vizuri asali chumbani kwake. Kwa nini? Kwa sababu katika nyumba ile walikuwemo Wayahudi na walikuwemo wasioamini kitu. Mtu aliyekimbia kifo, anayekula kwako na kulala kwako, ukimwambia "tusali" atakataaje? Atasema amina kwa mdomo, huku moyoni anahesabu kama kesho atapewa supu.

Hapo ndipo naona mzizi wa mambo yote yaliyofuata. Wale ndugu wawili walielewa kwamba shida ya mtu si mlango wa kumwingizia dini. Walimpa supu kwa sababu ana njaa. Imani yao waliificha, na hawakuificha kwa aibu. Waliificha ili mgeni abaki huru.

Mwenye nyumba naye akimbia

Wazazi wa Roger walikuwa na wasiwasi juu ya watoto wao, wakamwomba rafiki yao, ofisa mstaafu wa jeshi la Ufaransa, awaangalie kwa jicho la mbali. Majira ya vuli mwaka 1942 ofisa huyo akaleta onyo: mmejulikana, ondokeni wote, mara moja. Kuanzia hapo hadi karibu na mwisho wa vita Roger aliishi Geneva, na huko ndiko alikoanza kuishi na wenzake wa kwanza. Walirudi Taizé mwaka 1944.

Aliyewapokea wakimbizi akawa naye ni mtu aliyeacha nyumba usiku wa shida. Tofauti yake na wengi wetu ni kwamba yeye alikuwa na nchi ya kurudi, na mlango wake aliukuta. Hilo tusilifiche. Lakini tuangalie alichofanya aliporudi.

Mwaka 1945, kulikuwa na yatima wengi wa vita. Mwanasheria mmoja wa eneo hilo alikuwa ameunda chama cha kuwasaidia, akaomba baadhi yao walelewe Taizé. Geneviève akarudi kuwa mama yao. Wakati huohuo, si mbali na kijiji, kulikuwa na kambi ya wafungwa wa vita, Wajerumani. Roger na wenzake wakapata ruhusa ya kuwapokea baadhi yao Jumapili. Yaani watu waleule ambao jeshi lao lilimfukuza, sasa walikuwa na njaa nyuma ya seng'enge, naye akawaandalia meza. Ukisoma haraka unaweza kudhani ni jambo jepesi. Waulize wazee wa Kivu au wa Ituri kama ni jepesi.

Siku ya Pasaka mwaka 1949 wanaume saba waliweka nadhiri za maisha: useja, maisha ya pamoja, na urahisi wa maisha. Wakawa mabruda. Mwanzoni walikuwa Waprotestanti. Baadaye na Wakatoliki wakajiunga, na leo wanatoka nchi nyingi. Walikubaliana kuishi kwa jasho lao: hawapokei zawadi wala misaada kwa ajili yao wenyewe, na bruda akirithi mali ya familia, mali hiyo hupewa maskini.

Vijana wanafika

Hakuna aliyewaita vijana kwa tangazo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walianza kuja wenyewe, wachache wachache, kisha wakaongezeka. Kanisa dogo la kijiji, la mawe, la karne nyingi, likawa halitoshi. Mwaka 1962 lilifunguliwa kanisa jipya, likaitwa Kanisa la Upatanisho. Waliolijenga walikuwa vijana wa Kijerumani, kutoka shirika lililoundwa baada ya vita ili Wajerumani wafanye kazi za mikono katika nchi ambazo nchi yao iliziumiza. Hawakuja na hotuba ya kuomba radhi. Walikuja na koleo na saruji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hata kanisa hilo likajaa. Siku ya Pasaka ilipokaribia, wakabomoa ukuta wa mbele na kuunganisha hema kubwa. Mwaka 1974 vijana wapatao 40,000 walikusanyika kilimani pale. Kanisa la kubomoa ukuta na kuongeza turubai: sisi tunaweza kuwaelewa watu hao kuliko maaskofu wengi.

Wiki moja ya kambi ile ikoje? Kengele hulia mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni. Vijana huacha kila kitu, wakaingia kanisani, wakaketi sakafuni pamoja na mabruda. Mahubiri marefu hakuna. Husomwa kifungu kifupi cha Biblia, huimbwa nyimbo fupi zinazorudiwarudiwa, halafu hufuata kimya cha dakika kadhaa, watu maelfu, hata kikohozi unakisikia. Nyimbo zile zilitungwa hivyo kwa sababu ya shida ya kawaida kabisa: vijana walitoka nchi nyingi na lugha hazikuelewana. Mwanamuziki Jacques Berthier, aliyefariki mwaka 1994, alitunga nyingi kati ya hizo, maneno machache ambayo mtu wa nchi yoyote anaweza kuyashika mara moja.

Baada ya sala ya asubuhi bruda mmoja hufafanua Maandiko, kisha vijana hugawanyika makundi madogo, wakazungumza yaliyo moyoni. Na kazi hugawanywa kwa wote: kupika, kugawa chakula, kuosha vyombo, kusafisha vyoo. Mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi hushika ufagio uleule. Chakula ni cha kawaida tu.

Wiki ina mwendo wake. Ijumaa jioni msalaba hulazwa chini, na anayetaka huja kwa magoti, akaweka paji la uso juu ya mti, akaacha hapo mzigo wake na mizigo ya wengine. Foleni hiyo huenda hadi usiku sana. Jumamosi jioni kila mtu hushika mshumaa, moto ukapita kutoka mkono hadi mkono kama mkesha wa Pasaka. Jumapili wanaondoka. Hakuna anayeruka kutoka kilio hadi shangwe kwa dakika tano. Huzuni hupewa siku yake, ikaheshimiwa, ndipo mwanga uje.

Na wakiondoka hawapewi kadi ya uanachama. Jumuiya ya Taizé imekataa tangu zamani kuunda chama cha vijana chenye jina lake. Inawaambia: rudini kwenye makanisa yenu, mkafanye kazi huko.

Mpaka huku kwetu

Kambi hiyo ilivuka bahari. Mikutano iliyoitwa hija ya matumaini ilifanyika katika miji mingi ya dunia, vijana wakipokelewa na familia na parokia za mahali hapo. Novemba 2008 ilikuwa zamu ya Nairobi, mwaka uleule ambao Kenya iliuanza kwa umwagaji damu baada ya uchaguzi. Novemba 2012 ilikuwa zamu ya Kigali, miaka 18 baada ya mauaji ya kimbari. Fikiria maana ya kumlaza kijana usiyemjua chini ya paa lako katika miji hiyo, baada ya mambo hayo. Kukaribishana huko kulikuwa ndilo somo. Mengine yalikuwa maelezo.

Taizé yenyewe haikuacha kupokea wakimbizi, mpaka miaka ya karibuni walipofika vijana wa Sudani na Afghanistani. Mti umekua, lakini mizizi bado ni ileile.

Yasiyofichwa

Historia ikisimuliwa kwa sifa tupu inageuka tangazo. Kwa hiyo na haya tuyaseme. Tarehe 16 Agosti 2005, wakati wa sala ya jioni, mwanamke mgonjwa wa akili alimchoma kisu Bruda Roger mbele ya vijana, akafa akiwa na miaka 90. Kanisa lile halikuwa na walinzi wa kukagua watu mlangoni. Sala iliendelea jioni ile, na kambi haikufungwa.

Jambo la pili ni zito kwa namna nyingine. Mwaka 2019 mkuu wa jumuiya wakati huo, Bruda Alois, alitangaza hadharani kwamba kulikuwa na matukio matano ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto, yaliyofanywa na mabruda watatu kati ya miaka ya 1950 na 1980, na kwamba habari hizo zimepelekwa kwa waendesha mashtaka. Watu waliojifunza kuheshimu hofu ya mkimbizi, ndani ya nyumba yao wapo waliosaliti imani ya mtoto. Hilo linatufundisha kwamba sala haiwi ulinzi wa mtoto. Ulinzi wa mtoto ni watu wazima wawili au zaidi kila mahali, ni mlango ulio wazi, ni mtu anayejulikana wa kupelekewa malalamiko, na ni kusema kweli hata kama jina zuri litachafuka. Kiongozi wa kambi anayekasirika akiulizwa habari hizi, mzazi, usimpe mtoto wako.

Basi sisi tuchukue nini?

Kwanza, tofauti. Kijana wa Ulaya anakaa kwenye hema wiki moja, anaonja maisha magumu, halafu anarudi kwenye nyumba yenye umeme. Kijana wetu amezaliwa ndani ya hema. Kumwambia "vumilia, ni kwa muda tu" ni kumdanganya. Kumwambia kwamba akiomba sana faili lake la kuhamia nchi ya tatu litaitwa, ni kumdanganya zaidi, tena kwa jina la Mungu. Faili likikaa miaka kumi, atadhani ni Mungu aliyemkataa, kumbe ni ofisi.

Pili, tutenganishe sahani na sala. Kambi ya vijana ikigawa sabuni, madaftari au fulana, igawe kwa aliyekuja kuimba na kwa aliyekaa nje, kwa Mkristo, kwa Mwislamu, na kwa yule asiyejijua bado. Mashirika ya misaada na Msalaba Mwekundu waliandika kanuni hiyo mwaka 1994, kwamba msaada usitumike kueneza msimamo wa siasa wala wa dini. Wengine wetu tunaiona kanuni hiyo kama ya watu wasiomjua Mungu. Lakini Roger na Geneviève waliishika nusu karne kabla haijaandikwa, tena kwa sababu walimjua Mungu. Na nyie wafanyakazi wa mashirika, kumbukeni upande wa pili: yule aliyekwenda kuimba msituni hakuacha kuimba. Vijana wetu wakiomba nafasi ya kusali, msiwaone wagonjwa wanaotafuta dawa ya usingizi. Wapeni ukumbi, angalieni usalama wa watoto, kisha waacheni.

Tatu, maneno yapungue, kazi iongezeke. Kijana wa kambini amechoka kuwa mtu wa kuhudumiwa. Amehesabiwa, amepigwa picha, ameandikwa kwenye fomu. Mpe jiko alisimamie. Mpe wadogo zake awafundishe wimbo. Mpe mzee asiyeona amchotee maji wiki nzima. Siku akigundua kwamba kuna mtu amelala vizuri kwa sababu yake, umemtia moyo kuliko kwa mikesha mitatu ya vipaza sauti.

Nne, tuipe huzuni Ijumaa yake. Katika makongamano mengi tunawakimbiza vijana kwenye shangwe kana kwamba machozi ni ukosefu wa imani. Lakini wapo walioona mambo ambayo hawajapata pa kuyaweka. Kimya kifupi, msalaba uliolazwa chini, mtu mzima mmoja anayesikiliza bila haraka: hayo hayahitaji bajeti.

Vijana, na nyie niwaambie neno moja. Kuna uongo unaozunguka kambini, kwamba mkimbizi ni mgeni daima na mgeni hana cha kutoa. Nyumba ile ya Taizé ilikuwa na maji ya kisima na unga wa bei rahisi, na mwenye nyumba mwenyewe alikuja kufukuzwa. Yosefu na Mariamu walimpeleka Mtoto Misri bila hata hema. Huna haja ya kungoja safari ndipo uanze kupokea watu. Wiki hii kuna waliofika wapya kwenye kituo cha mapokezi, hawajui foleni ya maji inaanza saa ngapi. Wewe unajua. Nenda ukawaonyeshe, na usiwaulize kwanza wanasali wapi.